Namna ya Kujipangia Mazishi Kabla Kamati Haijakupangia

Kufa hakuhitaji mwongozo. Hakuna aliyejaribu akashindwa. Kazi iko kwenye kuzikwa unavyotaka. Hapo wamefeli mawakili, maprofesa na mabosi waliozoea kuagiza na kutiiwa, na wote wamefeli kwa sababu moja: walidhani msiba wao ni wao.

Msiba ni wa kamati. Wewe ni mgeni rasmi. Unafika umechelewa, watu wote wanasimama, inasomwa risala ambayo hukuiandika, unamwagiwa sifa ambazo hukuzisikia hata siku moja ulipozihitaji, kisha unaondoka kwa msafara huku waandaaji wakibaki kuulizana chakula kimetosha au hakikutosha.

Ng'ambo wameujaribu utaratibu mwingine. Australia, mwaka 1973, Mwanasheria Mkuu Lionel Murphy alianza kuteua raia wa kawaida, wasio wachungaji wala mapadri, wafungishe ndoa. Haikupita miaka mingi watu wakaona kwamba anayeweza kukufungisha ndoa bila kukuuliza unasali wapi anaweza pia kukuzika bila swali hilo. Ikazaliwa kazi ya mshereheshaji wa mazishi. Huja nyumbani na daftari, huketi na mjane, huuliza marehemu alipenda nini, alinunia nini, alicheka vipi. Baada ya siku chache husimama mbele ya watu na kumsimulia kana kwamba walikua pamoja. Kuna anayechagua wimbo wake, kuna anayepiga marufuku nguo nyeusi, kuna anayetaka azikwe msituni chini ya mti, bila jiwe wala jina. Na hayo yote huyapanga akiwa hai, kikombe cha chai mkononi.

Sasa na wewe wa Tabata umeona video ya mazishi ya namna hiyo kwenye simu, umeguswa, umeamua kwamba na yako yawe hivyo: watu thelathini, muziki laini, maneno machache yenye ukweli. Hongera. Twende taratibu.

Mjue mpinzani wako

Kamati ya mazishi haiundwi, hujiunda. Nesi hajamaliza kukufunika shuka, tayari lipo kundi la WhatsApp lenye picha yako, na picha yenyewe imekatwa kwenye harusi ya mtu, bega la jirani bado linaonekana pembeni. Mwenyekiti ni mjomba ambaye mara ya mwisho alipokupigia simu alikuwa amekosea namba. Mweka hazina ni shemeji, kwa kuwa ndiye pekee mwenye laini isiyodaiwa mkopo wa simu. Kwa mwingine, rambirambi ya kwanza ingemezwa na mtandao. Zinafuata kamati ndogo: ya chakula, ya usafiri, ya jeneza na mapambo, ya picha na video. Kufika jioni bajeti imewekwa kundini, na chini yake majina: aliyelipa ana tiki ya kijani, ambaye hajalipa ameandikiwa "ahadi", na neno hilo humuuma kuliko kifo chako.

Humo yataamuliwa mambo ambayo hukuwahi kuyawaza. Kwamba ulipenda sana rangi ya zambarau. Kwamba jeneza liwe lile lenye kioo. Kwamba ziwepo tisheti zenye sura yako kifuani, saizi zote isipokuwa ya wifi yako, ambaye atalisema jambo hilo mpaka arobaini. Kwamba usafirishwe. Hili la mwisho ndilo zito. Mchaga anaweza kuishi Dar es Salaam umri wake wote, watoto wake wakiijua Moshi kama mahali pa kula Krismasi. Akifa, anapakiwa kwenye gari, Coaster mbili nyuma, zaidi ya kilomita 500 hadi kihambani, akalale kwenye migomba pamoja na baba zake. Mhaya wa Bukoba safari yake ni zaidi ya mara mbili ya hiyo. Mwambie mwenyekiti kwamba wewe ungependa kuzikwa Kinondoni kwa sababu ni karibu na watoto, atakutazama kama mtu aliyeomba azikwe stendi.

Lakini usiidharau kamati. Hao hao wenye kubishana juu ya mapambo ndio watakaolala kwenye mkeka nje ya nyumba yako, watakaochota maji, watakaosonga ugali na kupika ubwabwa kwenye masufuria ya kukodi mpaka macho yawe mekundu kwa moshi, na hakuna atakayeleta ankara. Kampuni ya mazishi ya London hutoza kila kitu mpaka gari. Kwetu bei ilishalipwa zamani, kwenye misiba ya wenzako: ulikwenda au hukwenda, ulichanga au ulizima simu. Mwenyekiti anakumbuka. Daftari la michango linakumbuka zaidi.

Kwa hiyo kabla hujachagua wimbo, nenda kazike watu. Nenda hata kwa jirani usiyemwelewa. Mtu asiyezika wenzake, akiacha maagizo kwamba msibani kwake kuwe na mshumaa na dakika moja ya kimya, atapewa kimya chenyewe, tena kirefu kuliko dakika.

Usifiche matakwa yako kwenye wosia

Wapo wanaoandika vizuri: nizikwe hapa, nisizikwe pale, fulani asipewe kipaza sauti. Wanatia kwenye bahasha, wanaipeleka kwa wakili au RITA, wakala wa serikali anayetunza wosia, wanarudi nyumbani wamepumua. Kwa nyumba na shamba, umefanya vyema sana. Kwa mazishi umekosea ratiba. Kwetu wosia husomwa matanga yakishaanuliwa, mara nyingi baada ya arobaini. Familia inakusanyika sebuleni, mtu anavaa miwani, anasoma "msinipeleke kijijini", na wote wanatazamana, matope ya kijijini bado yako kwenye viatu.

Kutoandika kabisa ni kubaya zaidi, na wa kutuambia ni jirani zetu Wakenya. S. M. Otieno alikuwa wakili mashuhuri wa Nairobi. Alifariki Desemba 1986 na, wakili mzima, hakuacha wosia wa maandishi. Mjane wake, Wambui, alisema mumewe alitaka kuzikwa shambani kwao Upper Matasia, upande wa Ngong. Ukoo wake wa Umira Kager ukasema Mjaluo huzikwa kwao, na kwao ni Nyalgunga, Siaya. Shamba la Ngong ni mahali pa kukaa tu. Kesi ikaenda Mahakama Kuu, ikapanda Mahakama ya Rufani, nchi nzima ikasikiliza. Upande mmoja walieleza kwamba marehemu alikuwa mtu wa kisasa, msomaji wa Shakespeare na mpenzi wa filamu za Perry Mason. Upande wa pili, mchimba makaburi akapanda kizimbani. Majaji wakaamua kwamba maiti si mali ya mtu, matakwa ya marehemu yanaweza kusikilizwa lakini hayamfungi yeyote, na mila za kwao ndizo zitakazomzika. Mei 1987, baada ya zaidi ya miezi mitano mochwari, wakili akapelekwa Nyalgunga. Wambui hakwenda.

Shakespeare, kumbe, hana uzito mbele ya mchimba makaburi.

Kwa hiyo andika, ndiyo, lakini usimwandikie hakimu. Mwambie shangazi. Mwambie Pasaka, mwambie Krismasi, mwambie mkiwa kwenye msiba wa mtu mwingine pale mnapokosoa sauti ya kwaya, maana hapo masikio yako wazi. Rudia mpaka wajukuu waweze kukuigiza. Kamati inaweza kuipinga karatasi. Shangazi mwenye kanga kiunoni aliyesimama katikati ya uwanja akisema "mwenyewe alinitamkia", kamati ya kumpinga haijazaliwa.

Sharti lingine: matakwa yafanane na mwenyewe. Profesa Wangari Maathai alisema asizikwe kwenye jeneza la mbao, na hakuna aliyedhani ni dawa za hospitali zinazosema, kwa sababu alikuwa ameitetea miti maisha yake yote. Alipofariki Septemba 2011 likatengenezwa jeneza la magugumaji, mafunjo na mianzi. Akaagwa Uhuru Park, bustani ile ile aliyoizuia isijengwe ghorofa, na mwili ukachomwa Kariokor kama alivyotaka. Sasa wewe, uliyefanya kitchen party ya binti yako kwa kamati tatu na farasi mweupe, ukiagiza "jambo dogo tu, la kifamilia", watu watacheka kwa heshima na kuendelea kukodi mahema.

Na ukitaka haraka, sema haraka kwa saa. Jenerali Francis Ogolla, Mkuu wa Majeshi ya Kenya, alifariki kwa ajali ya helikopta Alhamisi, tarehe 18 Aprili 2024. Alikuwa ameagiza azikwe ndani ya saa 72. Jumapili alikuwa ameshalala kwao Siaya, bila jeneza. Wakristo walishangaa upesi huo. Waislamu walishangaa kilichochelewesha mpaka siku ya tatu.

Msomaji Mwislamu, kwa kweli sehemu kubwa ya mwongozo huu haikuhusu. Kwenu sanda ya tajiri na ya maskini ni nyeupe ile ile, jeneza ni la msikiti na hurudi msikitini, sala ya maiti haina rukuu wala sijda, na aliyefariki alfajiri akichelewa sana atazikwa alasiri. Kamati haipati hata muda wa kubishania rangi. Mnayo hitima ya kuonyeshana uwezo, lakini biriani ya hitima ni habari ya siku nyingine.

Chagua wa kukusema

Hapa ndipo penye uamuzi wenyewe, na una watu watatu wa kuchagua.

Wa kwanza ni MC. Utamletewa hata usipomchagua. Jumamosi iliyopita alikuwa Sinza kwenye harusi, kesho kutwa yuko kwenye send-off, leo yuko kwako na suti nyeusi ya kazi hiyo hiyo. Sauti anayo, spika anazo, muda anaujua. Tatizo ni kwamba hakujui, na haoni kama hilo ni tatizo. Atasema "jembe limeanguka", "pengo lisilozibika", "taa imezimika", kisha ataomba mwenye Noah nyeupe iliyoziba njia aende akaisogeze. Ataita makundi kuweka mashada kwa mpangilio wa vyeo. Mkono ukizoea harusi haudanganyiki: zamu ya wakwe ikifika, usishangae akiomba makofi.

Wa pili ni kiongozi wa dini. Huyu hajadiliani, na sina ugomvi naye. Ana kitabu, nawe ulikijua ulipoingia. Ila ukumbuke kwamba kabla hajafika, ataulizwa mwenyekiti wa jumuiya yako ndogo ndogo kama ulikuwa unahudhuria, na huyo ni mtu wa kumbukumbu kali. Upande wa Walutheri, wazee wa usharika wanazijua bahasha zako moja moja. Wapo watu ambao ibada ndefu kuliko zote walizohudhuria ni ile waliyoletwa wamelala.

Wa tatu ni mtani, na hapa naomba nikae kidogo.

Yule mtu na daftari wa Australia, kwetu tulikuwa naye zamani, ila hakuwa na daftari. Mzaramo akifa, Mnyamwezi alikuwa na kazi ya kufanya. Mngoni akifa, Mhehe hakungoja mwaliko. Kadhalika Mpare kwa Mchaga. Mtani hufika msibani bila kuitwa, huchukua koti la marehemu akalivaa, hutembea kwa mwendo wake, hukohoa kikohozi chake, humgombeza mjane kwamba chai imepoa, kwa sauti ile ile aliyoizoea miaka arobaini. Wanaolia hucheka, kisha hulia upya na safari hii hulia vizuri. Hueleza kwamba ulikuwa bahili. Huuliza mbele ya wakwe zako deni la ng'ombe liliishia wapi. Yale ambayo mchungaji anayajua na hawezi kuyasema, na MC hayajui na hawezi kuyanunua, mtani huyatoa hadharani, wala hakasirikiwi, kwa sababu huo ndio utani na mwaka ujao zamu inaweza kugeuka. Mwisho hushuka kaburini, akalala kifudifudi au akakumbatia jembe, akagoma kutoka mpaka alipwe.

Ulaya mtu humlipa mgeni aje amhoji mjane kwa saa mbili ili amjue marehemu. Mtani amekuhoji umri mzima bila kukuambia. Na ukitazama, kazi zote za mshereheshaji wa kisasa anazo: simulizi binafsi, ucheshi, ukweli, watu kushiriki. Mshumaa tu ndio hana.

Kinachoniudhi ni kwamba siku hizi tunamwonea haya. Mjini mtani anatengewa dakika tatu, baada ya salamu za ofisini na kabla ya salamu za wakwe, na MC amesimama naye bega kwa bega akitazama saa. Akivaa koti la marehemu, mtu wa video anaombwa azime kamera, kwa sababu msiba unarushwa mubashara na shemeji walioko Marekani hawataelewa. Tunamfukuza aliyekujua, tunakodi asiyekujua, halafu tunasema misiba ya siku hizi haina roho.

Basi kama unaye mtani wa kweli, mtafute ungali na pumzi, mle nyama choma, mpatane bei. Kama kabila lako na lake vimechanganyika hadi hakuna anayejua nani amtanie nani, tafuta mtu anayeweza kukuigiza. Kila mtu anaye mmoja. Ni yule ambaye, ukiingia ghafla kijiweni, watu wote wananyamaza na yeye anajifanya kufunga kamba za viatu.

Wasifu wako, sentensi zako

Wasifu wa marehemu Tanzania una kanuni. Alizaliwa, akasoma shule ya msingi fulani, akaajiriwa, akajaliwa watoto, akaanza kuugua. Miaka sitini na nane ya kuishi hupewa mistari minne. Wiki tatu za kuugua hupewa ukurasa: shinikizo la damu, vipimo, hospitali ya kwanza, rufaa, wodi, saa kumi na dakika ishirini alfajiri. Anayesikiliza anaondoka akijua figo zako kuliko kazi yako. Mwishoni huongezwa kwamba marehemu alikuwa mcheshi na mpenda watu. Kila marehemu wa nchi hii alikuwa mcheshi. Sijui wale wanunaji wote wa kwenye daladala huwa wanazikwa wapi.

Shaaban Robert alipomwandikia wasifu Siti binti Saad hakuwa na vyeti vya kuorodhesha. Alikuwa na mtoto wa mfinyanzi wa Fumba aliyezungusha vyungu akivinadi, ambaye sauti hiyo hiyo ya kunadia ilimfikisha Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Nawe unacho cha namna hiyo, japo kidogo: ugomvi na kuku wa jirani, namna ulivyokataa kuuza kiwanja, mwaka ule uliposhona suti ya harusi kwa mkopo ukamaliza kuilipa ndoa ikiwa na watoto wawili. Andika hivyo. Maradhi yapewe sentensi moja na daktari asitajwe.

Hesabu ya watoto nayo iandike mwenyewe, tena kamili. Ukiiachia familia, itasomwa "ameacha watoto wanne", na hapo ndipo kijana mrefu mwenye paji la uso wako atasimama nyuma ya hema, akiwa amemshika mama yake mkono, na kamati itahitaji kikao cha dharura.

Mengineyo

Nguo: agiza rangi usiagize, kina mama watavaa sare ya kitenge walichokubaliana, na watapendeza. Muziki: ukitaka Mbaraka Mwinshehe badala ya mapambio, sema wimbo gani na nani ataupiga, vinginevyo kwaya itaimba mpaka betri za kipaza sauti ziishe. Chakula: hapa usiguse kitu. Niliwahi kumsikia mzee mmoja msomi akiagiza kwamba kwake watu wapewe maji na karanga tu. Walimsikiliza kwa unyenyekevu, na ng'ombe wawili walichinjwa.

Barua

Ukimaliza yote, andika barua fupi, uitoe nakala, moja kwa shangazi, moja kwa mtani, moja uibandike ndani ya mlango wa kabati la vyombo, kwa sababu hilo ndilo la kwanza kufunguliwa msibani. Unaweza kunakili hii:

"Kwa Mwenyekiti wa Kamati. Mjomba, najua ni wewe. Shikamoo. Nashukuru kwa kuja na kwa kundi la WhatsApp. Naomba picha ibadilishwe, iliyo nzuri anayo mke wangu. Nizikwe hapa hapa Dar, shangazi anajua nilipomwonyesha, na ukibisha utabishana naye, siyo nami. Jeneza la kawaida, lisiwe na kioo. Wanaonitaka waje sasa wanione bure. MC aje na spika zake, atangaze magari, akae. Wasifu nimeuandika, asomaye asiongeze kwamba nilikuwa mcheshi. Watoto ni watano. Huyo wa tano mpeni kiti cha mbele na mama yake msimkodolee macho. Chakula pikeni mnavyotaka. Fedha ikibaki, ada za shule. Ikipungua, msiniandikie 'ahadi', mimi nina udhuru. Mtani apewe koti langu la kijivu na muda wote autakao, na alipwe mapema, kabla hajashuka kaburini, maana bei ya kumtoa mnaijua."